Mashine Iliyoitikia Jina la Nakiru

Alhamisi hiyo Ekidor alitoka dukani Bulla Pesa, mtaa wa Isiolo, saa kumi na mbili kasorobo jioni, waya wa solda mfukoni na mkate kwapani. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo: kuunganisha waya mmoja wa antena, kuwasha, kujaribu. Alitaka kumaliza kabla giza halijaingia.

Ulikuwa mwaka wa ukame, themanini na nne. Shirika alilolifanyia kazi lilikuwa likipeleka mahindi Merti kwa malori, na kwa miezi mingi habari za malori zilipitia redio, watu wawili wakipigiana kelele kutoka pande mbili. Sasa zilikuja mashine mbili za taipu zilizofungwa kwenye redio. Ukipiga herufi Isiolo, inajiandika Merti, mwendo wa siku nzima kwa lori. Hata kama Merti hakuna mtu kitini. Hiyo ndiyo iliyokuwa faida yake. Na ukitaka kujua kama mashine ya huko iko macho, unabonyeza kitufe chekundu. Kitufe hicho kinauliza swali moja tu: nani huko? Mashine ya upande wa pili hujibu yenyewe, bila mkono wa mtu, kwa kutaja jina lake.

Jina hilo hukaa kwenye kigurudumu cha shaba chenye meno. Fundi huvunja meno kwa koleo, herufi baada ya herufi. Jino likishavunjika halirudi.

Kigurudumu cha Merti alikuwa amekivunja mwenyewe wiki iliyotangulia. Karatasi ya ofisi ilisema jina liwe MERTI 2. Lakini ambaye angeketi kwenye mashine hiyo alikuwa Nakiru, dada yake mdogo, msichana wa kwanza kwao kusomea taipu. Kazi hiyo yeye Ekidor ndiye aliyemtafutia.

"Merti mbili ni nini?" Nakiru alimwuliza. "Ile ya kwanza iko wapi? Andika jina langu, kaka. Wakubwa huko Nairobi wajue huku kuna mtu."

Alicheka. Akavunja: NAKIRU MERTI.

Alipofika jino la mwisho alimkumbuka marehemu mama yao. Mama aliwalea na onyo moja ambalo hakuchoka kulirudia. Ukiitwa jina lako jioni na humwoni anayekuita, nyamaza. Mtu wa kweli ataita tena. Wale wengine huita mara moja tu, na ukiitikia, wameshajua ulipo.

Alisita, koleo mkononi. Kisha akaona ni upuuzi, shaba si mtu. Akabana jino, likakatika, akafunga kifuniko.

Langoni mwa ofisi ya Isiolo alimkuta Halkano, mlinzi, akichochea moto chini ya birika.

"Leo pia, fundi? Hiyo mashine yako inakula karatasi kushinda mbuzi."

"Mbuzi wako wako wapi, mzee?"

"Wamekwisha wote. Ndiyo nasema sasa nitafuga mashine."

Ekidor aliingia, akachoma solda, akawasha. Injini ya mashine ilianza kunguruma taratibu. Akabonyeza kitufe chekundu.

Tak-tak-tak-tak...

NAKIRU MERTI.

Alitabasamu peke yake. Akatoa kalamu, akaandika saa pembeni mwa mstari, kama alivyofundishwa: 6.20. Mashine ikaanza tena.

NI WEWE KAKA?

NI MIMI, akapiga.

UMENIITA MARA TATU LEO. MBONA HUANDIKI KITU?

Ekidor aliusoma mstari huo mara mbili. Antena yake ilikuwa imeunganishwa dakika tano zilizopita.

SIJAITA. NDIYO NAWASHA SASA.

Mashine ikajibu.

BASI NI NANI?

Alimweleza anachokijua. Jua likizama, hewa hujaa kelele, na kelele ikijipanga vibaya mashine huisikia kama swali. Hujibu. Hakuna mtu. Ni kasoro ya kawaida, na ataitafutia dawa.

SAWA KAKA, Nakiru aliandika. LAKINI INAITIKIA KWA JINA LANGU.

Ijumaa jioni ilikuwa mara saba.

Nakiru alisema pia kwamba kuna harufu mle stoo ya mahindi ilimowekwa mashine. Udongo uliolowa, kama mvua imepiga sasa hivi. Merti ilikuwa haijaona mvua miezi kumi na minne. Alitoka nje kutazama na kukuta vumbi lile lile.

NIIZIME? aliuliza.

Hapo Ekidor aliweka vidole kwenye herufi. Jumatatu mkubwa wa shirika alikuwa anakuja kutoka Nairobi. Angesimama pale, angebonyeza kitufe chekundu, na Merti ingejibu. Ingejibu, mashine kumi zaidi zingeletwa, na Ekidor ndiye angezifunga. Isingejibu, fundi angetafutwa mwingine.

USIZIME, alipiga. VUMILIA MPAKA JUMATATU.

SAWA KAKA.

Halkano aliingia na kikombe cha chai, akakiweka kwenye dirisha, akaitazama mashine kwa mbali.

"Nani huyo unaongea naye?"

"Dada yangu. Yuko Merti."

"Na yeye anakuona?"

"Hapana, mzee. Ni maandishi tu."

"Sasa unajua aje ni yeye?"

Ekidor alicheka. Mzee hakucheka.

Jumamosi, saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, mashine ya Isiolo ilianza kuandika kabla Ekidor hajaketi.

KAKA UPO?

NIPO.

KUNA MTU NJE. AMENIITA.

NANI?

SIJUI. SAUTI KAMA YA MAMA.

Ekidor akapiga haraka, akikosea herufi.

AMEITA MARA NGAPI?

MOJA.

UMEITIKIA?

Mashine ilinguruma bure. Karatasi haikusogea. Nje Halkano alikuwa akikohoa.

Kisha...

SIKUITIKIA KAKA. NILIFUNGA MDOMO KWA MKONO. LAKINI MASHINE IMEITIKIA.

Akapiga karibu kwa ngumi: ZIMA. ZIMA JENERETA. CHOMOA NYAYA ZOTE. NENDA KWA DULLO ULALE HUKO. Dullo alikuwa mtunza stoo. Nyumba yake ilikuwa hatua hamsini kutoka pale, na mke wake alimpenda Nakiru.

NAZIMA, aliandika. Halafu: NINA BARIDI SANA KAKA.

Ekidor aliandika saa pembeni: 6.28. Alingoja. Hakubonyeza chochote. Alikuwa amerudisha mikono yake yote miwili mapajani.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini na tisa, mashine iliandika mstari mmoja.

NAKIRU MERTI.

Hakuwa ameuliza.

Aliruka juu, akachomoa waya ukutani. Akasimama katikati ya chumba akipumua kama mtu aliyekimbizwa. Puani kulikuwa na harufu ya udongo uliolowa.

Lori la mahindi lilikuwa liondoke Jumapili alfajiri. Ekidor aliomba nafasi mbele, akaketi karibu na dereva. Walifika Merti jua likielekea kuzama. Dullo alikuwa amesimama barabarani akiwangoja, kofia mkononi. Ekidor alipoiona ile kofia alijua.

"Pole, ndugu yangu," Dullo alisema. "Tumemzika saa saba. Joto hili... tusingeweza kungoja."

Alimpeleka kando ya kanisa, kwenye udongo mpya uliofunikwa mawe. Ekidor alisimama hapo na mkate aliomnunulia njiani. Hakujua aushike vipi.

Dullo alimsimulia polepole. Jana jioni alisikia jenereta ikizima. Alijua saa kwa sababu redio yake ilikuwa ikimalizia habari: saa kumi na mbili na nusu. Akangoja Nakiru apite, hakupita. Akaenda na tochi. Alimkuta ameketi mlangoni mwa stoo, mgongo kwenye mlango kama mtu anayeuzuia usifunguke. Mwili ulikuwa moto. Macho yalikuwa wazi, ila hakuongea tena, na kabla ya alfajiri alikwisha.

"Alikuwa na homa siku tatu," alisema Kaltuma, muuguzi wa zahanati. "Nilimwambia alale. Akaniambia hapana, kaka yake amesema avumilie mpaka Jumatatu."

"Malaria?"

"Nimeandika malaria." Kaltuma alitazama chini. "Mtu wa homa husikia mambo mengi, ndugu. Usijitese."

Ekidor aliingia stoo. Jenereta ilikuwa imezimwa. Nyaya za mashine zilikuwa zimechomolewa zote na kukunjwa vizuri juu ya meza, kila mmoja na fundo lake, kama alivyomfundisha. Kwenye karatasi ya mashine, ule mstari wa mwisho ulikuwa NINA BARIDI SANA KAKA. Baada yake palikuwa peupe.

Alitoa mfukoni karatasi ya Isiolo, akailinganisha. Saa kumi na mbili na dakika arobaini na tisa. Dakika kumi na tisa baada ya jenereta kuzima. Alimwonyesha Dullo. Dullo, ambaye hakusoma sana, alitazama jina, akairudisha haraka.

Jumatatu mkubwa wa shirika alikuja Isiolo, hakukuta fundi, akarudi Nairobi. Hakumfukuza. Alituma barua ya pole. Mashine ya Merti ilifungwa kwenye sanduku na kuletwa na lori. Ekidor aliifungua nyuma ya ofisi, akatoa kile kigurudumu, akakaa juu ya jiwe na koleo. Jina halikuweza kufutwa. Kilichowezekana ni kuvunja meno yaliyobaki. Alivunja jino baada ya jino mpaka kikawa duara tupu la shaba, akalizika chini ya mlingoti wa antena. Halkano alimwona. Akaleta maji ya kunawa.

Mashine ya Isiolo walimwambia asiiguse. Kulikuwa na mpango wa kufunga nyingine Oldonyiro, kwa hiyo irudishiwe umeme na iachwe imewashwa, ikingoja. Ikawa inanguruma hivyo kila siku, bila wa kuzungumza naye.

Wiki ya sita, jioni, Ekidor alikuwa akifunga madirisha. Halkano alipaza sauti kutoka langoni.

"Fundi! Unasikia harufu? Mvua!"

Aliinua macho. Mbingu ilikuwa safi kutoka upande hadi upande.

Nyuma yake, tak-tak-tak...

Aligeuka. Karatasi ilikuwa imepanda mstari mmoja.

KAKA UPO?

Aliketi. Aliweka vidole juu ya herufi, na vidole vilikuwa vimeshajua pa kwenda: N, I, P, O. Herufi nne. Angemwambia ya Jumatatu. Angemwambia kwamba ile kazi haikuwa na maana yoyote.

Hakubonyeza. Mtu wa kweli ataita tena, mama alisema. Akangoja aite tena.

"Ita, Nakiru," alinong'ona. "Ita tena mara moja tu."

Mashine ilinguruma tu, karatasi haikupanda tena. Giza liliingia, Halkano akaja na taa, akaiona sura yake, akaiweka taa mezani na kutoka.

Ekidor hajui mpaka leo kama jioni ile alimtii mama yake, au alimwacha dada yake mlangoni kwa mara ya pili. Karatasi anayo. Pembeni mwa mstari aliandika saa, 6.31, kwa mkono uliotulia. Chini yake aliacha nafasi ya mstari mmoja.