Nitakuita, Mama

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Waliomwosha Sista Anastasia wana la kusema, nao wakilisema huangalia kwanza mlangoni. Lakini tusianzie mwisho. Tuanze na asubuhi moja ya Jumanne, asubuhi njema kabisa, mawingu yamejivuta kando na milima ya Uluguru inaonekana yote mpaka kileleni, mji wa Morogoro umeoga jua.

Ulikuwa mwaka tisini na tatu. Viwanda vinafungwa, vingine vinauzwa, mitumba imejaa sokoni, na kila mwenye ajira analiogopa neno moja tu: kupunguzwa. Hospitalini alikofanya kazi ya uuguzi Anastasia palikuwa na ubao wa habari za wafanyakazi, karibu na dirisha la mafaili. Zamani watu waliukimbilia kujua nani kaoa, nani kajifungua, nani kahamishiwa Turiani. Mwaka ule waliusogelea polepole, maana siku yoyote ungeweza kukuta jina lako kwenye orodha ya wanaokwenda nyumbani.

Anastasia alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Bahati yake ilikuwa chumba kipya cha moyo. Wafadhili walileta mashine ya kuchora mapigo, yeye akapelekwa Dar wiki sita kujifunza kuitumia, na Jumanne hiyo mgeni rasmi alikuwa anakuja kukizindua. Ubaoni waliandika kwa wino mwekundu: "Huduma za moyo sasa hapa hapa kwetu. Muuguzi mhusika: Anastasia Lukas." Alilisoma jina lake mara mbili, akatabasamu. Nani asingetabasamu?

Wageni walitarajiwa saa nne. Saa mbili na nusu alikwishafika bibi mmoja wa Mgeta, kateremka na lori la kabichi, matope yamemkaukia miguuni. Mkononi alikuwa na barua ya masista wa zahanati ya kwao. Koleta Dominiko, iliandikwa, moyo unamsumbua, tafadhali apimwe haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja peke yangu. Binti yangu ana mimba ya kujifungua leo kesho, na kaka yangu Andrea alikuwa anifuate Ijumaa. Nikaona siwezi kungoja."

Anastasia alimlaza. Barua akaitia kwenye mfuko wa aproni, kama alivyofanya siku zote, ataiandika daftarini baadaye. Akafunga nyaya za mikono na miguu, akawasha mashine, karatasi ikaanza kutoka na mistari yake. Akapaka jeli kifuani, akaanza kubandika vile vikombe vya mpira vinavyonyonya ngozi. Vilikuwa sita. Cha kwanza. Cha pili. Cha tatu.

Ndipo honi zikalia getini. Wageni wamewahi.

Jamani, acheni. Kitanda kina mama wa matope, shuka limechafuka, chumba kinanuka kabichi. Anastasia alivibandua vikombe pwa, pwa, pwa, akaikata karatasi kwa mkasi haraka haraka, mkato ukaenda upande. Kile kipande akakisokomeza mfukoni pamoja na barua.

"Mama, nyanyuka kidogo. Nenda kakae kwenye benchi la nyuma, pale jengo la kufulia. Nitakuita."

"Utaniita kweli?"

"Nitakuita, mama."

"Uite kwa nguvu basi. Masikio yangu siku hizi hayasikii."

Alikwenda akishika ukuta, na kifuani, upande ulio wazi wa kanga, palionekana alama tatu nyekundu za mviringo.

Uzinduzi ulifana. Mgeni rasmi mwenyewe alilazwa kitandani, akapimwa, akapigwa picha, watu wakapiga makofi. Kisha pilau. Anastasia ana sahani mkononi na soda baridi, akakumbuka. Mama yule! Hapa msimtetee, maana hata yeye hakujitetea hadi siku anakufa. Hakusahau. Alikumbuka vizuri kabisa, akajisemea moyoni, nimalize soda hii kwanza.

Alipokuwa anaweka chupa chini, Ignas, dobi wa hospitali, akaja akimnong'oneza Daktari Salehe. Kuna bibi kule kwenye benchi. Haamki.

Walikwenda wote. Koleta alikuwa amekaa wima, kichwa kimeegemea ukuta, uso umeelekea chumba cha moyo. Sikio moja alikuwa amelikinga kwa kiganja, vile anavyofanya mtu anayejitahidi kusikia.

"Ni mgonjwa wetu huyu?" Daktari Salehe aliuliza.

Mkono wa Anastasia ulikuwa mfukoni, vidole vimeshika barua. Wageni bado wanakula. Ubao bado una jina lake.

"Simjui," akasema.

Basi Koleta akaingia chumba cha maiti bila jina. Akakaa siku tisa. Hakuna aliyekuja, manispaa wakamzika makaburi ya Kola, kibao kimeandikwa namba tu, arobaini na moja. Anastasia aliijua namba ile. Alikwenda kuangalia, akasimama mbali, akaona aibu hata kupiga ishara ya msalaba.

Jumanne iliyofuata kliniki ilijaa. Wagonjwa walikaa kwenye benchi refu la barazani kwa utaratibu wao: anayeitwa anasema "nipo", anaingia, wengine wanasogea. Anastasia akatazama nje akaona wamebanana, lakini mwisho wa benchi pana nafasi ya mtu mmoja.

"Sogeeni basi, kaeni vizuri," akasema.

"Pana mtu, Sista," mama mmoja akamjibu. "Bibi mmoja. Alikuwa hapa hapa."

Wakacheka, wakatazamana. Hakuna aliyejua bibi huyo katoka saa ngapi. Na hakuna aliyekaa pale.

Akaita jina la kwanza, la mwanaume kutoka Mzumbe. Akamlaza. Nyaya. Jeli. Kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mashine ikazima.

Akaiwasha. Ikafanya kazi mpaka kikombe cha tatu. Ikazima. Fundi akaitwa kutoka Dar, akaifungua, akaifunga, akasema mashine hii nzima kuliko mimi. Muuguzi mwenzake Anastasia, Joyce, alipoishika iliandika vizuri mwanzo hadi mwisho. Mikononi mwa Anastasia, vikombe vitatu tu. Ikabidi Joyce apime, yeye aite majina.

Na kuita majina kukawa ndiyo adhabu yenyewe. Akiita Dominiko yeyote, na majina ya aina hiyo milimani ni mengi, sauti mbili zinajibu nipo. Moja ya mtu. Nyingine inatoka mwisho wa benchi, kavu, ya mtu aliyechoka kungoja.

Wiki ya tatu akaja mzee mmoja mrefu, kofia mkononi, viatu vya matairi. Andrea, kaka yake Koleta. Alisimama mbele ya benchi zima la wagonjwa.

"Sista, namtafuta dada yangu. Aliletwa na lori la kabichi, dereva ameniapia alimshusha hapa getini. Nimekwenda kwa ndugu zetu Mzumbe, hawakumwona. Chumba cha maiti wameniambia wamezika wanawake wawili wasio na jina mwezi huu. Nitajuaje yupi ni wangu?" Akaigeuza kofia mkononi. "Binti yake amejifungua mtoto wa kike. Jina la bibi yake linamngoja. Kwenye ukoo wetu hatutoi jina la mtu mpaka tujue amelala wapi. Mtoto ana wiki mbili, tunamwita mtoto tu. Hanyamazi, usiku na mchana. Nisaidie. Alifika hapa?"

Watu wote walimtazama Anastasia. Angesema nini? Kwamba alimbandua kitandani? Kwamba alikuwa anakunywa soda?

"Hakufika, mzee."

"Nilifika," mtu akasema mwisho wa benchi.

Anastasia aligeuka. Nafasi tupu. Wagonjwa walikuwa wanamwangalia yeye, siyo kule. Andrea alivaa kofia yake polepole, akashukuru, ndiyo, akashukuru, akaondoka. Siku hiyo Anastasia alishindwa kula. Kila akifumba macho anakiona kile kiganja sikioni.

Mwisho wa mwezi ubao ukawa na karatasi mbili. Moja, orodha ya waliopunguzwa, majina kumi na saba, Ignas dobi akiwamo. Ya pili: Mfanyakazi Bora wa Idara, Anastasia Lukas, kwa moyo wake wa kujali wagonjwa. Wenzake wakampongeza, wakamtania atoe pilau lingine. Aliwaacha wakicheka, akatoka. Ignas alimkuta barazani, kabeba kifurushi chake cha nguo.

"Hongera Sista," alisema Ignas. Hakukuwa na kejeli. Ingekuwepo, ingekuwa nafuu.

Siku hiyo hiyo Daktari Salehe akatangaza kwamba wafanyakazi wote wa idara watapimwa moyo, kuwaonyesha wananchi mfano. Mfanyakazi bora aanze. Joyce alikuwa likizo, daktari akapima mwenyewe.

Anastasia akalala kwenye kitanda kile kile. Mchana, dirisha wazi, kunguru wanalia nje. Daktari akafunga nyaya, akapaka jeli, akabandika vikombe vyote sita. Mashine ikaanza.

Daktari alitazama karatasi. Akakitazama kifua cha Anastasia. Akarudi kwenye karatasi.

"Unaumwa?" akanong'ona.

"Hapana."

"Huu siyo moyo wako."

Karatasi ilikuwa inatoka. Mistari ikaruka. Ikachelewa. Ikaruka. Moyo wa mtu mzima sana, uliochoka, unaojikokota kupanda kilima. Daktari alibandua kikombe kimoja. Mashine haikujali. Akazima swichi. Karatasi ikaendelea kutoka. Akachomoa waya ukutani.

Ikaendelea kutoka.

Kisha mstari ukanyooka. Urefu wa dole moja. Shubiri moja. Umenyooka. Ndipo mashine ikasimama yenyewe.

Daktari Salehe alikishika kile kipande. Mwanzo wake haukuwa mkato wa mashine. Ulikuwa mkato wa mkasi, wa haraka, umekwenda upande.

Anastasia aliinuka na vikombe vyake. Akaingiza mkono mfukoni mwa aproni iliyoning'inia, akatoa barua ya masista na kile kipande cha kwanza, kimekunjamana. Kile kipande cha kwanza na kile kipya akaviweka mezani pamoja. Mkato ukaingia kwenye mkato. Mstari ukaunganika.

"Ni wa nani?" daktari akauliza.

"Koleta Dominiko," alisema, na hapo ndipo akalia. "Alifika. Nilimtoa kitandani mimi. Nilimwambia nitamwita."

Kesho yake alikwenda ubaoni mbele ya watu, akabandua karatasi ya pongezi, mahali pake akaandika kwa mkono wake alichofanya, neno kwa neno, na soda akaiandika. Hakungoja kufukuzwa. Akaenda Kola, akafunga udongo wa kaburi namba arobaini na moja kwenye kitambaa cheupe, akapanda lori linalorudi Mgeta tupu.

Njia ya kwao Koleta ni ya miguu, mteremko mkali kati ya matuta ya njegere. Alisikia mtoto akilia kabla hajaiona nyumba. Alipiga magoti uani, akasema yote. Hakuna aliyempiga. Binti wa Koleta alifunika uso kwa kanga. Wanawake walimtazama tu, na mtazamo ule ulimuuma kuliko fimbo.

Andrea alipokea kitambaa, akakipakata mapajani.

"Alikuamini," alisema. "Sisi hatuna la kukudai. Lakini ulimwambia utamwita. Yuko kwenye benchi lako bado. Mwite."

"Hapa?"

"Hapa. Kwa nguvu. Masikio yake hayasikii."

Anastasia alisimama ukingoni mwa uwanja, uso umeelekea bondeni, Morogoro iko huko chini kwenye ukungu. Aliita. Sauti ilikuwa ndogo, ya aibu.

"Ita tena," wanawake wakasema.

"Koleta Dominiko!"

Mtoto analia.

"Mama Koleta Dominiko! Njoo mama, ingia!"

Mtoto akanyamaza. Ghafla, kama aliyezibwa mdomo. Kwenye njia, kule chini ya njegere, kukasikika mtu anapanda. Hatua nzito. Anapumzika. Anapanda. Majani yakasogea upande huu na upande ule. Hakuonekana mtu. Hatua zikapita pembeni ya Anastasia, harufu ya kabichi na jeli ya hospitali ikampiga puani, zikaingia mlangoni.

Andrea alivua kofia.

"Amefika," akasema.

Mtoto akapewa jina siku ile. Anastasia hakurudi kazini. Alibaki milimani na watoto wake, akilima karoti, akiwapeleka wagonjwa wa vijiji hospitalini bega kwa bega, na kwenye benchi hakubanduka mpaka jina la mgonjwa wake limeitwa. Nguo zake zilikuwa za kufunga shingo, jua kali, mvua, daima. Watu walidhani ni utawa.

Alifariki miaka ishirini na tano baadaye, usingizini. Kati ya waliomwosha alikuwamo Koleta mdogo, mama wa watoto wawili sasa. Yeye ndiye aliyefungua vifungo vya gauni.

Kifuani palikuwa na alama za mviringo. Daktari alibandika vikombe sita mwaka ule, lakini alama zilikuwa tatu. Nyekundu, mbichi, za dakika ile ile. Mwili wote ulikuwa wa baridi, pale palikuwa na joto. Koleta alichukua kitambaa akazifuta, mara ya kwanza, mara ya pili. Hazikufutika. Wakamvalisha, wakamzika.

Kitambaa anacho hadi leo. Kina duara tatu za unyevu, zinanuka jeli. Amekianika juani kiangazi baada ya kiangazi, na hakijakauka.