Nilimwonyesha Mama Taa za Yokohama, Nikamwambia Niko Guangzhou

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na tisa, ni mjane, na shule niliishia darasa la nne. Mkiona nimekosea maneno humu, mnisamehe. Ila kwa nililolitenda msinisamehe haraka... nisikilizeni kwanza.

Naitwa Mwanaidi, mtu wa Tanga. Miaka mingi sasa naishi Guangzhou, mtaa wa Xiaobei, na kazi yangu ni uajenti. Mfanyabiashara akija kutoka Dar au Zanzibar nampokea, nampeleka Liuhua kwenye nguo na viatu vya jumla, namsemea kwa laoban, yaani bosi mwenye duka, na mzigo nausimamia mpaka uingie kontena. Kichina changu ni cha sokoni, lakini kinatosha. Watu wa kwetu huku wananiita Mdomo. Si kwa umbea! Asiyejua lugha, mimi ndiye mdomo wake.

Mdogo wangu Riziki, kitinda mimba wa mama yetu, alikuwa akikaa kwangu. Mumewe Hamadi alirudi Dar kutoa mzigo bandarini, viza ya kurudi ikamkwama huko. Riziki alikuwa na mimba ya miezi saba, presha imempanda, miguu imevimba hadi viatu vyangu ndivyo vinamwingia. Kichina chake kilikuwa ni kusalimia na kusema "ghali sana", basi.

Tulikwenda hospitali. Daktari akasema, nami nikamtafsiria mdogo wangu: alale, asishughulike, akiumwa sana kichwa au macho yakiona giza aletwe mbio. Na asiachwe peke yake. Asiachwe peke yake... Maneno hayo yalipita kwenye kinywa changu mwenyewe!

Sasa niwatajie Twalibu. Namtaja kwa jina kwa sababu yeye alipoharibu mambo hakuficha uso wake. Twalibu ni mtu wa Dar anayeuza magari yaliyotumika kule Yokohama, mji wa bandari Japani. Tulijuana hapa hapa Guangzhou, Pazhou, kwenye maonyesho makubwa ya biashara. Mtu wa maneno matamu, manukato yanatangulia kabla yeye hajafika. Alinipigia simu miezi kadhaa, akisema anatafuta mke mtu mzima, mwenye akili, si vitoto. Mjane wa umri wangu akiambiwa hivyo anafanya nini? Alinitumia mwaliko, viza ikatoka. Akasema njoo uonane na kaka yangu mkubwa, tumalize mambo ya posa.

Viza ilitoka wiki ile ile ambayo daktari alisema yale maneno.

Nilimweleza Mama Shufaa, ajenti mwenzangu, naye namtaja. Nilidhani atanizuia. Akacheka, akanipiga kwenye paja. "Nenda mwaya! Wewe una bahati gani nyingine ya kusubiri? Riziki nitamwangalia mimi, si mtoto yule." Nikajifanya nimepata ruhusa. Kumbe nilikwenda kwake kwa sababu nilijua atasema nenda! Ningemwendea Bi Khadija wa Zanzibar, mama anayepika chakula cha kuuza pale barabara ya Huanshi, angenishika mkono akanikalisha kitako. Ndiyo maana sikwenda kwake.

Riziki mwenyewe hakunizuia. Alisema tu, "Dada, si utarudi upesi?" Nikamwambia ni siku chache. Nikamsihi tusimwambie mama kule Tanga, atapata wasiwasi bure.

Yokohama, Twalibu alinipokea vizuri. Kesho yake akanipeleka mtaa wa Wachina. Wasomaji, nilishangaa! Nimetoka China nimekwenda Japani, halafu naingizwa China tena. Mageti marefu ya rangi rangi, dhahabu na nyekundu, taa za karatasi zimening'inia juu ya njia, bata wa kuchoma kwenye vioo, maandishi yale yale ya Kichina. Nikamsalimia kijana muuzaji kwa Kichina, akanijibu Kijapani. Lakini bibi yake akatoka ndani mbio, akasema wazee wake walitoka upande wa Guangzhou, miaka mingi mno iliyopita. Alifurahi kama ameona ndugu! Akataka kunipa mkate wa mvuke wa nyama. Nikamuuliza nyama gani, akaguna kama nguruwe. Tulicheka sote wawili, akanibadilishia wa ufuta.

Akaniuliza nyumbani Guangzhou nimemwacha nani. Nikasema hakuna. Hivi kwa nini nilisema hakuna? Mpaka leo sijui.

Twalibu akanikalisha mkahawani, chini ya geti, akasema kaka yake yuko njiani. Akatoka kuongea na simu. Hapo ndipo na mimi simu yangu ikaita. Mama. Simu ya video.

Kwao ilikuwa asubuhi, mama yuko barazani na mtandio wake. Ningeweza kutopokea. Nilipokea! Akaniuliza bila salamu, "Mwanaidi, mwenzio mbona hapokei simu tangu alfajiri? Uko wapi wewe?"

Nyuma yangu taa nyekundu. Juu yangu maandishi ya Kichina. Mama hajui kusoma hata Kiswahili, atajuaje China ya Japani na China ya China?

Nikageuza simu. Nikamwonyesha geti, taa, bata, watu. Nikamwambia, "Niko hapa chini ya nyumba, mama, nimetoka kumnunulia Riziki supu. Nimemwacha amelala usingizi mzito, ndiyo maana hasikii simu."

Mama akashusha pumzi. Niliiona pumzi ile. Akasema, "Alhamdulillahi. Mungu akupe mwanangu, umenibebea mzigo wangu." Akaniombea dua ndefu, na mimi naitikia amina, mkononi nimeshika mkate wa ufuta...

Alipokata, nilimpigia Riziki. Hakupokea. Nikampigia Mama Shufaa, naye kimya. Nikataka kupiga tena, ila Twalibu akarudi na mgeni. Nikaweka simu mfukoni. Nikaiweka mfukoni, jamani!

Na huyo mgeni? Hakukuwa na kaka wala posa. Alikuja mzee wa Kichina mwenye yadi ya magari, mtu wa Guangzhou, aliyekuwa amegombana na Twalibu na hataki tena kufanya naye biashara. Nikaambiwa nimsemee. Nilisema mpaka sauti ikakauka, mzee akalainika, wakapeana mikono. Yule mzee ndiye aliyeniuliza, kwa Kichina, kama mimi na mke wa Twalibu tunasikilizana, maana yeye humwona mke huyo pale mtaani na watoto. Nilimgeukia Twalibu. Akacheka! "Si nilikwambia nataka mwanamke mwenye akili? Kazi yako hii hapa, ujira wako nakupa." Kumbe alichokuwa anaposa ni mdomo wangu.

Nililia njia nzima ya kurudi. Lakini wasomaji, machozi yale nilijililia mimi mwenyewe. Hata hapo sikumkumbuka mdogo wangu.

Habari niliikuta Guangzhou. Ilikuwa hivi. Mama, baada ya kupiga alfajiri bila kujibiwa, alimpigia Bi Khadija, ambaye namba yake nilimpa zamani, kabla ya kunipigia mimi, akamwomba aende kumtazama Riziki. Bi Khadija akazima jiko, akavaa viatu, akafika mlangoni kwake mwenyewe atoke. Ndipo mama akampigia tena: "Rudi zako dada, usijisumbue. Mwanaidi yuko naye. Nimemwona kwa macho yangu."

Bi Khadija akavua viatu.

Mama Shufaa alikuwa Pazhou na wateja wake tangu asubuhi. Hakupita hata mara moja. Na Riziki? Riziki alikuwa sakafuni. Kichwa kilimuuma vibaya, macho yakaingia giza, kifafa cha mimba kikamwangusha kati ya kitanda na mlango. Aliyemkuta ni jirani yetu, mama wa Kichina ambaye kila tukikaanga samaki hutugongea ukuta na kutukana. Aliona mlango uko wazi kidogo na mkono umetokeza. Alimpigia kelele mlinzi, wakambeba.

Hospitali za huku mtu akipasuliwa wanataka ndugu atie saini. Ndugu wa Riziki namba yake ilikuwa yangu. Wakapiga, wakapiga... laini yangu ya China nilikuwa nimeizima, natumia aliyoninunulia Twalibu; mama alinipata kwa sababu simu ya video hupita kwenye intaneti. Jirani alipofungua simu ya Riziki kwa kidole cha Riziki mwenyewe, akapiga namba ya China aliyoiona humo, ndipo akampata Bi Khadija. Alifika jioni. Madaktari walikuwa wameshaamua wenyewe kumpasua wamwokoe Riziki. Mtoto wa kiume alitoka hai, akavuta pumzi kidogo, akaenda.

Mimi nilifika ameshazikwa.

Riziki alikuwa amegeukia ukutani. Nikapiga magoti, nikashika miguu yake, hakuivuta wala hakunitazama. Mara simu ya mama ikaingia. Riziki akaipokea, akanitazama sasa, machoni kabisa, akasema: "Dada yuko hapa, mama. Dada hakuniacha."

Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwa upole, "Mama ameshampoteza mjukuu. Nimpotezee na binti?" Tangu siku ile hajanitukana hata neno moja. Afadhali angenitukana! Mumewe alipopata nafasi alimrudisha nyumbani. Bi Khadija alikubali kumficha mama kwa ajili ya Riziki, lakini mimi ananiitikia salamu kwa sababu dini inamlazimisha, haongezi kitu.

Ningekaa na siri hii mpaka kaburini. Lakini mwaka huu Riziki ana mimba nyingine, na mama akaamua mimi nirudi Tanga nikamuuguze, "kama ulivyomuuguza kule". Riziki akakataa. Hakusema sababu, alisema tu hataki. Mama akamwakia! Binamu yetu aliyekuwepo alinisimulia: akamwita hana fadhila, moyo wa jiwe, mwenzio alikuhangaikia ugenini leo humtaki. Riziki analia, kimya. Na presha yake ile...

Nilipiga simu siku ile ile. Nikasema, "Mama, lile geti nililokuonyesha halikuwa Guangzhou." Nikamweleza yote, Twalibu, mkate, laini niliyozima. Sikujipunguzia. Mama hakulia. Akaniuliza jambo moja tu.

"Mjukuu wangu alioshwa na nani?"

Nikasema sijui.

"Hukuuliza?"

Sikuuliza, wasomaji. Muda wote huo sikuwahi kuuliza! Mama akasema, "Kaulize. Kisha unipigie."

Nilikwenda Huanshi. Bi Khadija alikuwa anasukuma chapati. Nilipouliza, mikono yake ilisimama juu ya unga. Akasema ni yeye aliyemwosha, katika chumba kidogo walichopewa pale hospitali. "Sikuwa na wa kunimiminia maji. Nikaangalia huku na huku, yuko yule jirani yenu tu. Nikamwonyesha kwa mikono. Akakunja nguo, akamimina, polepole, analia mwanamke wa watu. Sanda nilikata kwenye mtandio wangu."

Nikampigia mama, nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Basi hao ndio dada zake Riziki," akasema. Akakata.

Ndugu wasomaji, Twalibu namlaani, na Mama Shufaa namlaani. Lakini si wao waliogeuza ile simu. Nawaomba, hasa nyinyi mlio mbali na kwenu: mkiulizwa mko wapi, semeni mlipo, hata kama mlipo panawaaibisha. Kuna mtu anasubiri jibu lako aamue kwenda au kubaki. Na ukikabidhiwa mgonjwa, usitafute wa kukupa ruhusa ya kumwacha. Utampata. Hakosekani.

Riziki anakaribia siku zake. Watu wananiuliza mbona sijasafiri, wewe si ndiye mwuguzaji wa familia? Nawajibu ukweli: sijaitwa.