Friji la Kichwa Chini

Friji lilikuwa limesimama kwa kichwa. Adnan alilikuta hivyo katika ghala la Bi Mwanatumu, mjane wa Kipini, miguu yake minne ikitazama dari na chetezo cha ubani uliopoa kikiwa pembeni. Alicheka. Fundi yeyote wa mafriji ya zamani angecheka. Friji la mafuta ya taa halina mota. Moto mdogo chini yake huchemsha gesi kwenye mabomba, na gesi ikikwama, fundi hulipindua friji kichwa chini kwa siku moja, kisha hulisimamisha tena. Basi Adnan akajua, au akadhani anajua, kwamba marehemu mwenye nyumba alifariki kazi ikiwa nusu.

"Lichukue, mwanangu," alisema Bi Mwanatumu, ambaye hakutaka kuvuka kizingiti. "Lakini likae vivyo hivyo. Marehemu aliusia lisisimamishwe."

"Sawa, mama," Adnan akajibu, kwa ile sauti ya mafundi wanapomwitikia mteja asiyejua kitu.

Alikuwa na haraka zake. Mafuriko ya Tana yalikuwa yameangusha nguzo, Garsen nzima haikuwa na umeme, na mkewe Tasnim aliishi kwa sindano za insulini. Dawa hiyo haipatani na joto, na joto la Garsen halina adabu. Chupa mbili zilikuwa zimeshaharibika ndani ya mtungi wa maji walimozihifadhi. Tasnim hakulalamika, na ukimya wake ndio uliomtisha Adnan zaidi.

Akalileta nyumbani, akalisimamisha, akabadilisha utambi, akatia mafuta kidogo, akawasha. Kufikia alasiri barafu ilikuwa imeshika. Tasnim alizipanga chupa zake, vifuniko vikitazama upande mmoja, akafunga mlango.

"Fundi wangu," akasema, na Adnan akavimba kichwa siku nzima.

Aliyeona kasoro kwanza ni jirani yao Dukicha, mfanyabiashara wa ng'ombe, aliyekuwa akiweka maziwa yake humo.

"Fundi, hii mafuta wewe nanunua wapi? Tangu barabara ya Malindi ifungwe, mafuta ya taa hakuna Garsen."

"Nilitia mara moja tu," Adnan akasema. Hiyo mara moja ilikuwa wiki mbili nyuma.

Akaenda kulitazama tangi. Lilikuwa limejaa kuliko alivyoliacha.

"Adnan," Tasnim akamwita kwa sauti ndogo kutoka chumbani. Ilikuwa adhuhuri, mabati yakilia kwa jua, naye alikuwa amejifunika blanketi akitetemeka. Bangili zake zilikuwa zimepanda hadi kwenye kiwiko. Adnan alikuwa amejiambia ni sukari tu inayomkondesha. "Likimeza, mimi nalisikia mwilini."

"Likimeza nini?"

"Sikiliza."

Friji la mafuta ya taa halina sauti, hiyo ndiyo sifa yake, lakini sasa ndani ya mabomba kulikuwa na kitu kinachomeza, polepole, funda baada ya funda, na kila funda liliposhuka shavu la Tasnim liliingia ndani kidogo, na nyumba ikajaa harufu ya nywele zinazoungua, na Adnan alipopiga magoti, akafungua tangi na kuchovya kidole, alichokitoa hakikuwa mafuta ya taa bali kitu kizito, cha vuguvugu, cha manjano kama samli, kikinukia asumini ile ile aliyojipaka Tasnim tangu siku ya harusi yao.

Akampigia simu Bi Mwanatumu, vidole vikimteleza.

"Umelisimamisha," mjane akasema kabla ya salamu.

"Ni nini hiki, mama?"

"Ni jini la moto. Dada yangu tulimzika hana uzito, mtu mmoja alimbeba kwa mkono. Ndipo marehemu akalipindua. Likiwa kichwa chini halipati kula."

"Na hukuniambia!"

"Nilikuambia lisisimamishwe. Zaidi ya hapo, nilitaka litoke kwangu, baba." Akakata simu.

Sasa friji lilikuwa zito kuliko siku alipolileta; watatu walishindwa, ikabidi Adnan, Dukicha na wachungaji wawili wa Dukicha walipindue kwa pamoja. Moto ulikataa kuzima. Uling'ang'ania utambi, na mdomo wa Tasnim ukafunguka, ukatoa sauti ambayo haikuwa yake.

"Si mliomba baridi?"

Kisha moto ukazima. Tasnim akaomba uji, akanywa bakuli zima. Adnan alilia mbele ya watu bila kuona haya.

Lakini dawa sasa haikuwa na pa kukaa. Kesho yake barabara ikafunguka, naye akakimbilia Malindi na kisanduku cha barafu kutafuta chupa mpya. Alimwacha Dukicha barazani amlinde Tasnim. Alirudi jua halijazama.

"Amelala," Dukicha akanong'ona. "Alisema dawa yake itaharibika, roho yake hakutulia. Halafu akanyamaza. Mtu hakuingia, wallahi."

Adnan akaingia. Lile friji lililowashinda wanaume watatu hadi akahitajika wa nne lilikuwa limesimama kwa miguu yake, na moto wake ulikuwa wa buluu, mrefu, umetulia. Tasnim alikuwa amelala sakafuni, mikono yote miwili imeshika mguu wa friji. Adnan alimwinua kwa mkono mmoja. Mkono ule mwingine hakuuhitaji.

Tangi lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Siku moja kichwa chini, kisha unalisimamisha: ndivyo friji linavyotibiwa. Adnan alikuwa amewafanyia watu kazi hiyo mara nyingi, na hakuna friji lililowahi kukosa kupona.

Akafungua mlango. Chupa zilikuwa zimepangwa safu moja, vifuniko vikitazama upande mmoja. Akagusa moja. Dawa ilikuwa baridi sawasawa, haijaharibika hata tone.