Mwizi Ndani ya Kivinjari

"Ufuta umeingia mdudu. Wahi mnada wa kijiji cha Tingi."

Simu ya mkuu wake ikakatika. Dativa Nandonde, jasusi wa Idara ya Usalama, aliitumbukiza mfukoni kwa mkono mmoja, kwa mwingine akavuta mafuta. Pikipiki yake, Boxer, ikaruka.

Nyuma yake Land Cruiser nyeupe ilikuwa inakuja mbio. Asubuhi hiyo, kule Kilwa Masoko, Dativa aliingia chumbani kwa Kross, mnunuzi wa kigeni, akanakili kila kitu kwenye laptop yake na kukituma Idara. Kross alirudi na kumkuta akitokea dirishani, na sasa alikuwa anamfukuza.

Paa!

Kioo cha pembeni kikapasuka.

"Mshenzi we! Kioo kipya hicho!"

Alikata kona, akazama kwenye kinjia cha mikorosho. Pikipiki ilipenya. Land Cruiser ingepita wapi? Ikabidi izunguke.

Sauti ya Romani, mkuu wake aliyekuwa Lindi, ikamjia kwenye kifaa cha sikioni.

"Uko wapi?"

"Naliona ghala la mnada."

"Sikiliza. Kross amepachika programu ya nyongeza kwenye kivinjari cha kompyuta ya chama cha ushirika. Wanunuzi wakituma bei kutoka mbali, nyongeza inazishusha kabla projekta haijazionyesha ukutani. Yake inaiacha. Anashinda kwa bei ya kutupa."

Dativa aliuma meno. Lengo la Kross halikuwa ufuta. Mkulima ukimpunja msimu mmoja, atakopa. Ukimpunja wa pili, atakuuzia shamba. Na mashamba ya Tingi ndiyo Kross aliyoyataka, mpaka ufukweni.

"Nizime kompyuta?"

"Thubutu! Umeme ukikatika inajifuta, na ushahidi unaenda nao. Nyongeza haijitegemei, Dativa. Kati yake na kivinjari kuna mlango wenye masharti. Kivinjari ndicho kinaiita kazini. Ukurasa ukifungwa, kinaitoa. Ukifunguliwa tena, lazima ipige hodi upya na kumuuliza bwana wake la kufanya. Hapo ndipo tutaidaka."

"Na ukurasa unafungwa lini?"

"Bei ikikubaliwa, na hapo tumeshaliwa. Au ikikataliwa."

Ghala lilijaa watu. Mwenyekiti wa chama, mzee Abilahi, alikuwa mbele, kofia yake imekaa sawasawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi wa projekta?"

"Ndiyo, ni mimi."

Uongo mtupu. Alichomeka flashi ya Idara nyuma ya kompyuta, ili Romani aione nyongeza kutoka Lindi. Bashiru, kijana aliyeajiriwa kuiendesha mashine ile, akamkazia macho.

"Dada, usiguse hapo."

Dativa aliinua ncha ya kanga. Bastola yake, Glock, ikachungulia kiunoni.

"Na wewe usiguse popote."

Bashiru akarudisha mikono mapajani.

Bei zikatokea ukutani. Minong'ono ikapita ghala zima. Ya juu kabisa ilikuwa ya Kross, nayo ilikuwa aibu.

"Ndugu wakulima," mzee Abilahi alisema, sauti imepungua, "mmeiona. Mnasemaje?"

Hapo Dativa alitaka kupiga kelele, lakini desturi ya mnada ilimfunga mdomo. Asiye na mzigo ghalani hana kauli, hata awe waziri. Akiropoka, watamtoa nje. Mkono mmoja wa kukubali ukainuka nyuma. Wa pili. Watu walikuwa wamechoka. Msimu uliopita waliitikia hivyo hivyo.

Kataeni basi, jamani! aliwaza.

Mwanamke mmoja akasimama. Mboni, mjane, shamba lake lilikuwa limeshatiwa alama za mipaka na watu wa Kross.

"Shusheni mikono!" alifoka. "Mwaka jana mliinua, mimi nikala mihogo mpaka masika. Mwaka huu wananipimia shamba nikiwa nimo ndani nalima! Nimeinama mimi, mgongo umeuma mimi, halafu bei aniambie ukuta? Hatuuzi!"

"Hatuuzi!" mtu akaitikia.

"Hatuuzi! Hatuuzi!"

Mabati yakatetemeka. Mzee Abilahi akafurahi waziwazi.

"Wakulima wamekataa. Bashiru, funga. Fungua raundi nyingine."

Bashiru, kumbe mtu wa Kross, alirukia waya wa umeme ili nyongeza ijifute. Dativa akamdaka kifundo cha mkono, akakipinda.

"Umesikia wenye mali? Funga."

Bashiru akafunga. Ukurasa ukazimika, ukafunguka upya.

"Imepiga hodi!" Romani alipaza sauti. "Inaomba amri kwenye laptop ya Kross. Iko hapo nje! Tumeifungia mlango. Ushahidi tunao wote."

Dativa akatoka. Land Cruiser ilikuwa imeegeshwa kando ya ghala, Kross ndani, laptop mapajani. Glock ikagonga kioo.

"Shuka. Hiyo iache wazi hivyo hivyo."

Kross alishuka, mikono juu, uso mwekundu.

"Haiwezekani! Hawa huwa wanakubali! Kompyuta ikisema, watu hukubali!"

"Nani alikudanganya? Wakulima wa mnada huu walikuwa na haki ya kukataa kabla hujaijua Tingi."

Askari wa Idara, waliotumwa na Romani, wakamtia pingu. Ndani, bei za kweli zilikuwa zimejaa ukutani, karibu mara mbili ya zile za kwanza. Dativa alisimama mlangoni, furaha imemjaa kifuani.

"Mnasemaje?" mzee Abilahi aliuliza, anacheka.

Sauti ya Mboni ikajibu:

"Hatuuzi! Waongeze!"

Ghala likalipuka. Dativa akaipiga kiki Boxer, akaondoka polepole, na kelele zile zikamsindikiza mpaka barabara kuu.