Miwani Isiyojua Vigelegele

Miwani ya Mfaume ilikuwa inaandika kila kitu. Bajaji ya angani ikipita, maneno ya kijani yanatokea kwenye kioo mbele ya macho yake: [Bajaji inapita juu, haraka]. Roboti la usafi likipita: [Brashi inakwaruza sakafu]. Jirani akifungulia muziki: [Dansi, magitaa mawili, mwanamume anaimba anabembeleza]. Mtu akiongea karibu naye, maneno yake yanaandikwa moja moja. Mfaume hasikii tangu utotoni, homa ilimchukulia masikio yote mawili. Lakini na miwani-sikizi hiyo, mji mzima wa Lindi alikuwa anausoma.

Aliyeitengeneza ni dada yake, Hadia, fundi wa mashine-akili. Zamani Hadia ndiye alikuwa anamsimulia sauti kwa mikono: mvua inavyogonga bati, baba anavyokoroma. Mashine ikaja, mikono ikapumzika.

Siku hiyo Mfaume alikuwa amejibanza kwenye ngazi, nje ya mlango wa kina Somoe, binti aliyekuwa anamposa. Hakutakiwa kuwepo kabisa. Mshenga na Hadia walikuwa ndani wanachukua jibu la posa. Mposaji anakaa kwao, anasubiri. Lakini Mfaume na kukaa wapi na wapi. Posa ya kwanza ilikataliwa. Baba yake Somoe alisema hampi binti yake mtu asiyesikia, nyumba ikipata balaa atajuaje? Wakikataa na hii, basi tena.

[Watu wanaongea, mlango umefungwa], miwani iliandika. Halafu maneno yakawa mekundu: [Mayowe ya wanawake. Wengi. Hatari.]

Mfaume hakufikiri. Aling'oa mtungi wa kuzimia moto ukutani, akapiga mlango bega, akakatiza sebuleni katikati ya wazee, akaingia mpaka chumba cha ndani cha wanawake. Akafyatua. Povu kwenye kanga, povu kwenye sinia la halua, povu mdomoni mwa Bi Likwata, shangazi yake Somoe, ambaye mdomo alikuwa bado hajaufunga.

"Moto uko wapi?" Mfaume alipiga kelele.

"Uko kichwani mwako!" Bi Likwata alitema povu. "Mkwe gani anaingia kwa wanawake na mtungi?"

"Si mmepiga mayowe!"

"Mayowe? Vigelegele hivyo, mwehu wee!"

Baba yake Somoe alishafika mlangoni. "Si nilisema mimi? Posa irudi kwao."

Hadia akamvua kaka yake miwani, akasoma yale maneno mekundu. Uso ukamshuka.

"Kosa langu, mzee," alisema. "Mashine hii tuliifundisha kwa sauti za kununua, za nchi za mbali. Huko mwanamke akipaza sauti vile, anakimbia hatari. Mimi nikaongeza bajaji, mvua, magitaa. Vigelegele sikuweka. Na mimi mwenyewe nimetoka kuvipiga sasa hivi!"

Akamgeukia Mfaume, akamweleza yote kwa mikono. Mikono ilikuwa mizito, imesahau baadhi ya ishara. Mfaume akashusha mtungi.

Somoe alikuwa ameegemea ukuta, povu kwenye nywele, anacheka mpaka machozi.

"Baba," alisema, "jengo hili lina watu wangapi wenye masikio? Nani kaja? Mayowe yakisikika hapa, watu wanafunga milango. Huyu ameambiwa hatari, akaijia mbio."

Mzee akaangalia mlango wake uliolegea bawaba, akaangalia halua.

"Mwambie huo mlango atatengeneza yeye," alisema mwishowe. "Na akae. Kasimama kama askari."

Hadia akamvisha kaka yake miwani, akafungua kompyuta yake ya mkononi. "Sasa nirekebishe. Niandike nini? Sauti nyembamba, ya juu, ulimi unachezacheza?"

"Hayo kamwandikie daktari wa koo," Bi Likwata alisema. "Mtu asiyesikia unamwambia habari za ulimi, zinamsaidia nini? Anataka kujua tumefurahia nini."

"Lakini shangazi, vinapigwa kwa mengi. Mtoto akizaliwa, mtu akifaulu, bibi harusi akitoka..."

"Hayo mengine uje tukae, nitakuambia moja moja. Leo andika hivi: Tumempokea."

Hadia akaandika. Bi Likwata akajipangusa povu la mwisho, akawageukia wenzake.

"Haya, wanawake. Kijana hajasoma jibu lake."