Sifuri Mbele ya Tisa

Haya niliambiwa na Akello mwenyewe, mwezi uliopita, tukimenya viazi jikoni kwangu hapa nyuma ya Kaplong. Mengine nilijionea, kwa sababu Kipkosgei, tunayemwita Kip, ni mjukuu wangu.

Walikutana siku ya mvua ya mawe. Watu walijazana chini ya mabati ya kituo cha tisa cha kupimia majani chai, vikapu juu ya vichwa. Akello, karani wa hapo, binti ya watu wa kutoka ziwani, alikuwa na sweta ya njano na gambuti nyekundu. Kip akaingia mbio, amekumbatia begi.

"Umebeba mayai?" Akello akamuuliza.

"Kompyuta. Mimi ndiye naandikia kiwanda programu ya kupanga safari ya lori."

"Basi ipange ije mapema. Warembo wanaloa hapa."

"Warembo wako wapi?"

Wamama wakacheka. Kabla ya mvua kuisha, Kip alikuwa na nambari yake.

Wakapendana. Lakini Kip ana haraka kama maziwa kwa moto. Jumapili moja akasema anataka kuleta wazee kwao kumposa.

"Ngoja kwanza, mpenzi," Akello akamwambia. "Mama hajui hata jina lako."

Kip akaacha chai yake ikipoa.

Wiki hiyo hiyo lori ikaanza kupita kituo cha tisa bila kusimama. Dereva, Bosire, alifuata tu programu ya Kip kwenye simu, na simu ilimtuma mbele, cha kumi. Akello alienda barabarani, akarudi, akaenda tena. Lori ilimfikia jioni, yeye wa mwisho kabisa, majani yamepata joto hadi yakawa mekundu. Kiwanda kikayakataa. Wakulima wakasema karani abadilishwe.

Akapiga simu. "Kip, kama umenikasirikia, niambie mimi. Usiadhibu majani ya wamama."

"Sijaadhibu mtu. Ni kompyuta inapanga."

"Kompyuta ilijuaje nimekwambia ungoje?"

"Akello, unaweza kuniwazia hivyo?"

"Usinipigie tena."

Kwangu Kip hakula. Alikaa, akasimama, akatoka nje, akarudi. Asubuhi akachukua pikipiki ya mjomba wake, akafuata lori ya Bosire kituo kwa kituo. Jioni akafika cha tisa, vumbi hadi kope.

"Nilikuambia usipige."

"Sijapiga. Nimekuja. Kutoka cha kwanza lori inaruka hadi cha kumi, Akello. Cha pili mpaka cha nane nao wanalia kama wewe."

"Kwa nini?"

"Kosa ni langu. Nilijaribu na vituo tisa, ikaenda sawa. Wiki ile tukaongeza vingine kumi. Na nambari nilikuwa nimeziandika kama maneno. Maneno yanapangwa kwa herufi ya mwanzo. Kumi, 10, inaanza na moja, hata 19, kwa hivyo zote zikakutangulia."

Akello akaketi juu ya gunia. "Sasa utafanyaje?"

"Naweka sifuri mbele yako. 09. Haina kitu, lakini inakushikia nafasi."

Akarekebisha pale pale, begi likiwa meza. Kesho yake lori ikasimama mchana, majani bado mabichi, na wakulima wakaacha maneno. Jioni Akello akapiga, Kip akiwa jikoni kwangu, nikisikia yote.

"Na tarehe, kompyuta inazipangaje?"

"Anza na mwaka, halafu mwezi, halafu siku. Ukianza na siku, zinachanganyika."

"Basi andika. Mwaka huu."

Kip akasimama. "Mwaka huu nini?"

"Mama amesema wazee waje."

"Mwezi?"

"Desemba."

"Siku?"

"Ngoja kwanza, mpenzi."

Nilidhani atakasirika. Alicheka, akakaa kando ya moto na simu juu ya goti, kungoja hiyo siku. Nilipogeuka na ugali, alikuwa amelala, viatu bado miguuni.