Taa ya Njia ya Kogo

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, boma la Kipyegon lilikuwa limekwisha kuamka. Chepkemboi, mkewe, alikuwa akikamua ng'ombe. Kipyegon mwenyewe alikuwa akifunga aproni ya plastiki kiunoni kabla ya kuingia shambani. Shamba lao la chai liko karibu na Chepilat, na umande wa huko haumhurumii mtu aliyesahau aproni.

Kipyegon alikuwa mtu wa utaratibu. Alisoma shule ya bweni miaka minne, na katika mwaka wa mwisho alikuwa kiranja wa bweni. Kila usiku alihakikisha kwamba taa zote zimezimwa. Miaka thelathini baadaye, sheria hiyo ilitawala boma lake: atokaye chumbani huzima taa. Ilikuwapo sheria nyingine pia. Ngurumo ya kwanza ikisikika mchana, mtu hushusha swichi kuu ya umeme, maana radi ya Sotik haipigi hodi.

Aliyezishika sheria hizo kuliko wote ni mama yake. Boma zima lilimwita Kogo, yaani nyanya. Alikuwa na miaka themanini na miwili, na macho yake yalikuwa yamefifia. Hata hivyo, hakuna swichi iliyomponyoka. Aliizima kwa ncha ya mkongojo wake, kisha akaendelea na safari.

Kogo aliishi katika nyumba yake ndogo ndani ya boma. Kutoka mlangoni pake hadi chooni ni hatua thelathini, na njia yenyewe inateremka kidogo. Mwezi wa Agosti, alfajiri moja yenye ukungu, aliteleza hapo na kuteguka kifundo cha mguu.

Jumapili iliyofuata, Rodah, dada yake Kipyegon, alifika kutoka mjini Kericho. Hakungoja hata chai ichemke.

"Kipyegon, mama amelala chini kwa matope, na wewe unavuna chai?"

"Sikujua ameanguka mpaka kukapambazuka."

"Hukujua kwa sababu boma lako ni giza. Mimi nyumba yangu choo kiko ndani. Nitamchukua."

Kogo, aliyekuwa amenyoosha mguu kwenye kigoda, aliinua kichwa. "Unichukue? Mimi ni mbuzi? Hapa ndipo nilizika baba yenu. Hapa ndipo nitakaa."

Rodah alimgeukia nduguye. Kisha akasema polepole, "Basi nipate taa katika njia hiyo kabla ya Krismasi. Nitakuja na begi, na nikikuta giza, nguo za mama zitaingia humo."

Siku hiyo Kipyegon aliweka nia. Mama yake hatahamishwa kwa sababu ya hatua thelathini.

Bonasi ya chai, malipo ya mwisho wa mwaka kutoka kiwandani, iliingia mwezi wa Oktoba. Wakati huo wauzaji huwa wamejaa mjini Sotik, na kila mmoja ana jambo la haraka la kumweleza mkulima. Kipyegon aliingia katika duka la vifaa vya umeme la kijana mmoja aitwaye Joab.

"Mzee wangu, karibu! Wewe unataka balbu janja," Joab alisema hata kabla hajaulizwa. "Unawasha kwa simu. Unazima kwa simu. Uko Nairobi, unawasha taa ya Chepilat!"

"Sina kazi Nairobi. Nataka njia ya choo iwe na mwanga alfajiri."

"Hiyo ni ndogo sana! Unaipangia saa. Kumi na moja ikifika, inawaka yenyewe."

Joab alichukua kalamu. Balbu janja kumi na nne, shilingi elfu mbili na mia mbili kila moja. Kisanduku cha kuziunganisha, elfu sita. Kuingiza intaneti nyumbani, elfu tano. Kazi ya fundi, elfu nane. Jumla ilikuwa shilingi elfu arobaini na tisa na mia nane. Zaidi ya hapo, intaneti ingelipiwa elfu mbili kila mwezi.

Kipyegon alihema. Hiyo ilikuwa karibu bonasi yote.

"Anza na nne," Joab alisema upesi. "Tumia intaneti ya simu yako kwanza. Ukipenda, unarudi."

Kipyegon alilipa elfu nane na mia nane. Akadai risiti, akaikunja na kuiweka mfukoni, na maboksi akayabeba bila kuyararua. Bweni lilikuwa limemfundisha kutotupa karatasi yoyote yenye muhuri.

Kesho yake, balbu moja aliifunga nje, juu ya njia ya choo. Nyingine aliifunga katika nyumba ya Kogo, na mbili katika nyumba kubwa. Siku mbili zilipita vizuri. Chepkemboi alicheka kuona mumewe akizima taa ya sebuleni akiwa zizini.

"Baba Kiptum, sasa utatuzimia taa hata tukiwa tunakula?"

Siku ya tatu mchana, mawingu yalijikusanya upande wa Ndanai. Ngurumo ya kwanza ilipolia, Chepkemboi alikimbia akashusha swichi kuu. Mvua ya mawe ilipiga mabati kwa saa nzima. Ilipokatika, aliirudisha swichi juu. Papo hapo balbu zote nne zikawaka, ingawa ulikuwa mchana na hakuna aliyezigusa.

Kogo alitoka nje akiangaza huku na huku. "Nani ameacha taa? Tokeni ya umeme inaisha, na nyinyi mko hapo tu!" Akapita nyumba kwa nyumba na mkongojo wake, akizima kila swichi ukutani, hata ile ya taa ya nje.

Alfajiri iliyofuata, saa kumi na moja ilifika na taa haikuwaka. Kipyegon aliamka, akachukua simu, akabonyeza. Simu ikamjibu kwamba balbu haipatikani. Akabonyeza tena. Kisha akasikia kishindo.

Alimkuta Kogo ameketi matopeni, mkongojo wake umeangukia uani. Paja lilimuuma, lakini mfupa ulikuwa mzima. Kipyegon alimwinua, akampangusa matope.

"Usiambie Rodah," Kogo alimnong'oneza.

Kulipopambazuka, Chepkemboi alikuta swichi ya taa ya nje imezimwa, akaiwasha na kuibandika plasta ili isizimwe tena. Kabla ya saa nne, plasta ilikuwa imebanduliwa.

"Mnafunga ukuta bandeji?" Kogo aliuliza. "Ni ukuta ulianguka, ama ni mimi?"

Kipyegon hakucheka. Alimpigia Joab simu. Joab alimwambia dawa ni kununua kile kisanduku, kuingiza intaneti, na kumaliza zile balbu kumi zilizobaki. Kipyegon alivaa koti, akatia pesa mfukoni. Alikuwa tayari kulipa yote. Hangekubali begi la Rodah liingie bomani mwake.

Kwenye lango alikutana na Jentrix Ouko. Jentrix alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha chai, mama aliyetoka upande wa ziwa na aliyekuwa jirani yao kwa miaka tisa. Alikuja kuchukua maziwa yake.

"Baba Kiptum, koti la kanisani siku ya Alhamisi? Unaoa?"

Kipyegon alimweleza yote. Jentrix aliweka chini mtungi wake.

"Kabla utoe hiyo pesa, nijibu. Nani atatumia hii taa?"

"Mama."

"Mama ana simu ya kuiwashia?"

"Mama hajui hata simu inachajiwa wapi."

"Na balbu hiyo, ili isikie simu, lazima swichi ya ukutani ikae imewashwa usiku na mchana. Ukizima swichi, hata mwenye duka hawezi kuiwasha. Nani amefundisha hii boma kuzima swichi?"

Kipyegon alitazama viatu vyake. "Ni mimi."

"Sheria yako ni nzuri. Usiibadilishe. Ni hiyo taa haikufaa hii nyumba." Jentrix alihesabu kwa vidole. "Ngurumo ikija, mnashusha swichi kuu. Umeme ukirudi, balbu nyingi za aina hiyo huwaka zenyewe, kama hujazipangia vinginevyo. Hata ukizizima kwa simu, bado zinaonja umeme kidogo, kwa sababu zinangoja kuitwa. Halafu intaneti ya simu: siku ukienda Sotik na simu yako, nyumbani wanabaki na nini?"

"Kwa hivyo Joab amenidanganya?"

"Hapana. Kuna nyumba balbu hizo zinafaa kabisa. Yule kijana hakukuuliza unaishi namna gani. Na wewe hukumwambia. Hebu tuone ile ya njiani."

Walipoifungua, maji yalimwagika kutoka kwenye kikombe kinachoishikilia. Yalikuwa yamepenya polepole tangu ile mvua ya mawe, na balbu ilikuwa imekufa. Jentrix aligeuza boksi na kumwonyesha maandishi madogo: ya kutumiwa ndani ya nyumba tu. Elfu mbili na mia mbili zilikuwa zimekwenda na mvua.

Kisha Jentrix alizunguka nyumba kubwa, akainama karibu na ukuta wa jikoni. Hapo palipaswa kuwa na waya unaoupeleka ardhini umeme unaovuja. Aliuvuta kwa vidole viwili. Ukatoka wote, mwisho wake umekatika kwa kutu.

"Hii ndiyo ya kulipia kwanza," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Umeme ukivuja, huu waya ndio unafanya swichi ijikate kabla mtu hajarushwa. Unapanga kununua taa ya kuongea na simu, na nyumba haina waya wa ardhini?"

Kipyegon aliuokota waya. Aliona aibu, lakini hakuwa mtu wa kukaa na aibu muda mrefu. "Niambie la kufanya, Mama Ouko. Nitalifanya leo."

"Kwa njia ya Kogo, nunua taa ya sola yenye kihisi. Ni kijicho kidogo cheupe chini ya taa. Mtu akipita, kinamwona na taa inawaka. Akishapita, inazima yenyewe. Haina swichi, haina simu, haina tokeni. Swichi kuu ishushwe, isishushwe, haijali. Lakini chukua yenye paneli ya kando, yenye waya mrefu. Ukungu wetu wa Julai hauruhusu jua jingi, kwa hivyo paneli ikae juu ya paa, mbali na miti, na uipanguse kila wiki. Na boksi liandikwe kwamba inavumilia mvua. Ndani ya nyumba, balbu za kawaida za LED zinatosha. Kogo azizime mpaka achoke!"

"Na waya wa ardhini utauweka wewe?"

"Nitaweka. Lakini usinipe kazi kwa sababu nakunywa maziwa yako. Niulize leseni."

"Leta leseni."

Jentrix alicheka, akaitoa kwenye pochi. Kipyegon aliisoma mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akisoma majina ya bweni.

Saa nane mchana alikuwa Sotik. Aliweka maboksi matatu juu ya meza ya Joab, na juu yake risiti.

"Mzee, vitu vilishatumika," Joab alilalamika. "Havirudi."

"Soma chini ya risiti yako."

Joab alisoma. Iliandikwa kwamba bidhaa nzima yaweza kubadilishwa ndani ya siku saba.

"Leo ni siku ya sita," Kipyegon alisema. "Ya nne iliharibika kwa kosa langu, kwa hivyo hiyo siidai. Hizi tatu ni nzima, na maboksi yake ni mazima. Nipe taa mbili za sola zenye kihisi, na balbu sita za kawaida."

Joab aliangalia maboksi, akaangalia uso wa Kipyegon, akaacha kubishana. Taa za sola zilikuwa elfu mbili na mia tano kila moja. Balbu za kawaida zilikuwa mia mbili kila moja. Alimrudishia shilingi mia nne.

"Mzee," Joab alisema akifunga mzigo, "ungeniambia tu kwamba ni nyanya anaenda choo, ningekuuzia hizi siku ya kwanza."

"Nilikwambia. Wewe ulikuwa Nairobi."

Waya mpya wa ardhini, pamoja na chuma chake na kazi ya Jentrix, uligharimu elfu tano na mia tano. Ukijumlisha na ile balbu iliyokufa, Kipyegon alitumia shilingi elfu kumi na tatu na mia tisa. Bonasi iliyobaki ililipa karo ya Kiptum, mwana wao.

Taa moja ilifungwa kwenye kona ya nyumba ya Kogo, na nyingine karibu na choo. Alfajiri ya kwanza, Kogo alifungua mlango na mwanga ukamwagika miguuni pake. Akasimama.

"Nani amewasha?"

"Ni wewe, Kogo," Chepkemboi alijibu kutoka zizini.

Kogo alitembea hadi chooni. Aliporudi, alitazama nyuma na kuona njia imerudi gizani. Akairudia hatua tatu. Taa ikawaka. Akasubiri hadi ikazimika. Akairudia tena. Chepkemboi aliacha kukamua ili amtazame.

"Hii imesoma bweni," Kogo alisema mwishowe. "Inajua kuzima."

Rodah alifika siku tatu kabla ya Krismasi, na kweli alibeba begi kubwa lisilo na kitu ndani. Alililaza karibu na mlango wa mama yake. Usiku alilala katika nyumba ya Kogo. Alfajiri alishtuka, akapapasa kitanda cha pili, akakikuta kitupu. Alikimbia nje bila viatu.

Njia yote ilikuwa na mwanga. Kogo alikuwa akirudi taratibu, mkongojo mkononi, nguo zake safi.

"Unakimbilia wapi bila viatu?" Kogo alimuuliza. "Utateleza."

Rodah alimtazama mama yake, kisha akaitazama taa. Kipyegon alikuwa amesimama mlangoni pa nyumba kubwa na aproni yake ya chai. Alingoja.

"Sawa," Rodah alisema. "Sawa, Kipyegon."

Siku ya kuondoka, Rodah alipolinyanyua begi lake, lilimshinda. Kogo alikuwa amelijaza kabichi, mahindi mabichi na kibuyu cha mursik, maziwa yale yaliyogandishwa vizuri.

"Ulileta begi unichukue," Kogo alisema. "Haliwezi kurudi tupu."

Kisha akaingia ndani na, kwa ncha ya mkongojo, akazima taa aliyoiacha Rodah ikiwaka.